Samaki Mwekundu wa Kiganjani: Kichezeo Kinachostahili Meza ya Maabara

Samaki wa utabiri huuzwa kama kipimo cha mapenzi. Ni kipande cha utando mwekundu unaopitisha mwanga, kilichokatwa kwa umbo la samaki na kutiwa katika kijibahasha chenye jedwali la majibu: akitikisa kichwa, aliyemshika ana wivu, akitikisa mkia, hana habari na mtu, akijikunja mzima, ana mahaba mazito, na asipofanya lolote, basi mwenye kiganja anahesabiwa kuwa maiti. Kwa kigezo hicho bidhaa hii haifai kitu, kwani mkono uleule hupewa tabia moja kabla ya kunawa na nyingine baada ya kunawa. Mimi namtathmini kwa kigezo kingine, yaani kama aktueta ya utando, kitu kinachogeuza kichocheo kuwa mwendo, kwa ajili ya somo la roboti laini, zile zinazoundwa kwa nyenzo zinazopindika, na hapo nathubutu kusema kwamba anafundisha mengi kuliko vifaa kadhaa vya bei kubwa.

Ndani yake hamna betri, waya wala sehemu inayozunguka. Unapomlaza kiganjani, unyevu wa jasho huingia kwanza upande wa chini, upande huo ukatanuka ilhali wa juu ungali mkavu, na tofauti hiyo ndogo baina ya nyuso mbili ndiyo inayomlazimisha kujipinda kuelekea juu. Kichwa na mkia huinuka, ubavu hutetemeka kidogo, na mara nyingine hupinduka kabisa. Basi uso wa pili nao hugusana na ngozi na kuanza kunywa unyevu. Anayeshuku kwamba kinachofanya kazi ni joto la mkono, na aweke karatasi ya kawaida kati ya samaki na kiganja: bado atajipinda, kwa sababu mvuke hupenya karatasini. Kisha aiondoe karatasi na kuweka mfuko mwembamba wa plastiki mahali pake. Joto litapita vilevile, lakini mvuke utazuiwa, na samaki atalala kimya. Sijaona jaribio jepesi kuliko hili la kutenganisha visababishi viwili, na wanafunzi hubishana vizuri kabla mfuko haujawekwa.

Jambo la pili la kumsifu ni wepesi wake wa kuitika. Muda ambao unyevu huchukua kupenya kitu hutegemea mraba wa unene wake, kwa hiyo ukiupunguza unene kwa nusu, muda hushuka hadi robo. Ndiyo maana utando mwembamba huanza kucheza mara tu unapogusa ngozi, wakati bamba nene la nyenzo ileile lingebaki limetulia kwa muda mrefu. Gharama ya wembamba huo ni nguvu: samaki huyu hujibeba mwenyewe na si zaidi. Hata hivyo, kanuni yake si ya kitoto. Mwaka 2013 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, wakiwemo Mingming Ma na Robert Langer, walitangaza utando wenye unene wa takriban maikromita 20, uliounganisha polima mbili: polipairoli, ambayo ni ngumu lakini hukunjika, na jeli ya polioli na borati inayovuta maji. Ukilazwa juu ya sehemu yenye unyevu, utando huo hujipindua wenyewe mara kwa mara, na kipande chake cha miligramu zipatazo 25 kiliweza kuinua vioo vyenye uzito mara 380 ya uzito wake. Njia ya mwendo ni ileile ya samaki wetu. Kilichobadilika ni nyenzo.

Kasoro zake ni za kweli na zinafaa kujulikana kabla ya kununua. Kujipinda kwake ni kwa haraka, lakini kurudi katika hali ya ubapa hutegemea hewa iliyomzunguka: katika chumba chenye kiyoyozi hunyooka upesi, ilhali katika darasa la Tanga au Mombasa wakati wa masika hewa yenyewe imeshiba unyevu na samaki hubaki amelegea. Mkono unaotoka jasho jingi nao humharibia kazi, kwa kuwa hulowa pande zote mbili, akapoteza ugumu na kunata ngozini. Akishakunjwa na kupata mfinyo, mfinyo huo hautoki, na tangu hapo atajipinda mahali palepale kila mara. Zaidi ya yote, hakuna namna ya kumwamuru. Aktueta za HASEL, yaani vifuko laini vyenye kimiminika vinavyoendeshwa kwa umeme, zinazouzwa na kampuni ya Artimus Robotics ya Colorado, Marekani, huitika kwa sehemu ndogo ya sekunde na hutii mawimbi ya umeme, ila zinadai volti elfu kadhaa, jambo ambalo mwalimu mwenye busara hataliruhusu mikononi mwa watoto.

Ushauri wangu kwa shule ni kumnunua kwa mafungu, kumhifadhi katika bahasha yake mahali pakavu, na kutupa jedwali la mapenzi, au kulibakiza kwa ajili ya kicheko tu. Anayetaka kujitengenezea maumbo mengine, kwa mfano kishikio cha vidole vitatu, anaweza kutumia selofani halisi, ambayo hutokana na selulosi ya miti. Tatizo ni kwamba karatasi nyingi zinazong'aa za kufungia maua na zawadi, ambazo muuzaji huziita selofani, ni plastiki ya polipropilini isiyonywa maji hata kidogo, na baadhi ya selofani halisi hupakwa tabaka la kuzuia unyevu. Kabla ya kulipia bunda zima, omba kipande chembamba ukilaze kiganjani palepale dukani. Kisipojipinda, rudisha.