Ekzosi Mpya ya Pikapu Yangu Nakuru: Weldingi Safi, Vipimo vya Gari Tupu

Bomba la moshi la pikapu yangu lilitoboka mwezi wa Machi, nyuma kidogo ya sailensa, mahali ambapo matope ya barabara ya Mau Narok hujikusanya na kukaukia. Gari lenyewe ni Isuzu D-Max ya dizeli, injini ya lita 2.5 yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi), na lina kazi mbili: siku za juma hunipeleka shuleni ninakofundisha, na Jumamosi huteremsha viazi kutoka Mau Narok hadi Nakuru, magunia 20 ya kilo 50 kila moja, yaliyofungwa kwa mujibu wa kanuni za viazi za mwaka 2019 wala si lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Nilikuwa nimekwisha kulitia bomba hilo viraka mara mbili. Mara ya tatu fundi wa karibu na nyumbani aliligonga kwa nyundo, kutu ikapukutika mkononi mwake, akaniambia kwamba hapakuwa na chuma tena cha kushika weldingi.

Niliamua kutengenezewa ekzosi mpya kwa vipimo vya gari langu, kuanzia flenji (bamba la chuma la kuungia mabomba kwa bolti) iliyo nyuma ya katalitiki, chombo kinachosafisha moshi, hadi ncha ya nyuma kabisa, kwa chuma kisichoshika kutu. Ninayaandika haya baada ya miezi saba ya kuitumia, kwa sababu siku ekzosi inapotoka gereji ikiwa inang'aa hakuna anayeweza kuihukumu kwa haki. Gereji hiyo iko upande wa viwandani hapa Nakuru. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa nina malalamiko dhidi yake ambayo nimekwisha kuyazungumza na fundi mwenyewe ana kwa ana, na mengine tumeyamaliza.

Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimepita kwa mafundi wengine wawili. Mmoja alinishauri nitoe katalitiki kabisa, akadai kwamba gari litapata nguvu, na papo hapo akajitolea kuinunua. Msomaji ajue kwamba ndani ya chombo hicho mna madini ya thamani, platini na jamii yake, na kwamba anayekushauri ukitoe huku akiwa tayari kukupa pesa taslimu huenda hafikirii nguvu za gari lako. Wa pili alitaka kulikatiza bomba chini ya kabini ili kupunguza gharama. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hupenya kupitia sakafu na milango gari linaposimama kwenye foleni. Sikurudi kwa yeyote kati yao.

Fundi niliyemchagua alinivutia kwa kunikatalia. Nilikuwa nimesikia vijana wakisifu bomba la inchi 3, nami nikaliomba hilo. Aliniuliza, "Mwalimu, umebadilisha programu ya injini?" Nilipomjibu kwamba sijaigusa, akaniambia inchi 2.5 inatosha, kwani moshi unaotolewa na injini ya ukubwa ule hautajua nafasi iliyozidi ni ya nini. Bomba nene zaidi lingeongeza kelele na uzito, na tungekosa pa kulipitisha kati ya fremu, propela (mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma) na tangi la mafuta. Bomba la awali lilikuwa jembamba kidogo kuliko hilo la inchi 2.5, kwa hiyo nafuu ingekuwapo, lakini ya kiasi. Ni nadra kwa muuzaji kukuuzia kitu kidogo kuliko ulichokitaka.

Bei tuliyoafikiana ilikuwa shilingi 46,500. Bomba pamoja na mikunjo yake lilikuwa shilingi 19,000, sailensa 12,500, kipande cha bomba linalonepa 4,000, flenji na bolti na raba za kuning'inizia 3,000, na kazi 8,000. Alikuwa ameahidi siku moja, zikawa tatu, kwa kuwa mikunjo ilichelewa kufika kutoka Nairobi.

Kuhusu mikunjo hiyo nina la kusema. Bomba likikunjwa kwa mashine ya kubana, hubonyea kwenye kona, na ile inchi 2.5 uliyoilipia huwa pungufu mahali penyewe ambapo moshi unahitaji nafasi. Mashine yenye mandreli huingiza kiini ndani ya bomba wakati wa kukunja, kwa hiyo upana haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi huyu hana mashine ya namna hiyo, lakini badala ya kubonyeza mabomba kwa alichonacho, aliagiza kona zilizokwisha kukunjwa kwa mandreli, akazikata kwa pembe alizozihitaji na kuziunganisha. Nilizipima kona zote kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, kabla hazijachomelewa, na sikupata iliyobonyea.

Vilevile nilikuwa na sumaku ndogo ya maabara ya shule mfukoni. Chuma cha daraja la 304, chenye kromi ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8 hivi, karibu hakivutwi na sumaku, ilhali cha daraja la 409, ambacho ni rahisi kwa bei na hushika kutu ya juu juu, huvutwa sawasawa. Mabomba yote yaliniachilia sumaku ikaanguka. Kosa langu ni kwamba sikuijaribu sumaku hiyo kwenye flenji, na jambo hilo nitalirudia.

Weldingi yenyewe ndiyo sehemu ninayoisifu bila kusita. Kwanza alifungua waya wa betri ili umeme wa mashine usiunguze kompyuta ya injini, hatua ambayo nimeona mafundi wengi wakiiruka. Kisha akayashikiza mabomba kwa vidoti vidogo yakiwa chini ya gari, akayatoa, na kuyamalizia mezani kwa TIG, aina ya weldingi ya umeme inayokingwa kwa gesi. Kabla ya kuanza kila kiungo aliziba ncha za bomba kwa utepe na kupitisha gesi ya argoni ndani yake, kwa maana chuma hiki kikichomelewa bila kinga upande wa ndani hufanya magamba meusi kama sukari iliyoungua, nayo hupunguza uimara wa kiungo na kuusumbua moshi. Aliniruhusu nichungulie ndani kwa tochi. Mshono ulikuwa laini pande zote mbili, wenye rangi ya majani makavu, na mahali pachache samawati. Baada ya kuifunga ekzosi aliwasha injini, akaziba ncha ya nyuma kwa kitambaa, na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Hakuna kilichotoa povu. Ncha aliitoa upande wa kulia, kwa ombi langu, ili moshi usiwapulizie wanaotembea ukingoni mwa barabara upande wa kushoto.

Jumamosi iliyofuata nilipakia viazi. Sikuwa nimefika Chuo Kikuu cha Egerton nikiteremka kuelekea Njoro nilipoanza kusikia kitu kikigonga chini ya bodi, ngo, ngo, kila tairi la nyuma lilipoingia shimoni. Nilisimama, nikalala chini kwenye majani yenye umande na kutazama. Bomba linapopanda juu ya ekseli ya nyuma lilikuwa limebakiza nafasi isiyozidi unene wa kidole, na palikuwa na alama inayong'aa mahali vyuma viwili vilipokuwa vikisalimiana.

Sababu yake ni rahisi mno, hata nikajilaumu mimi mwenyewe kwa kutoiona mapema. Pikapu ilikuwa tupu ilipopimwa. Zaidi ya hayo, ilikuwa imeinuliwa kwa kushikwa fremu, kwa hiyo magurudumu yalikuwa yananing'inia na springi zimenyooka, na nafasi kati ya bomba na ekseli ikaonekana kubwa kuliko inavyokuwa hata gari likiwa limesimama tupu barabarani. Tani moja ya viazi huishusha bodi na fremu pamoja na kila kilichoning'inizwa humo, ilhali ekseli haishuki, kwa kuwa imekalia matairi. Gari dogo la familia huenda lisipate tatizo hili maishani. Pikapu ya mizigo italipata safari ya kwanza, na gereji inayojitangaza kwamba hutengeneza ekzosi za pikapu haikupaswa kungoja kuambiwa na mwalimu.

Nilimpigia simu Jumapili jioni. Nakiri kwamba nilijiandaa kwa mabishano, lakini aliniambia tu, "Mwalimu, lilete Jumatatu na mzigo wake usiushushe." Viazi nilikuwa nimekwisha kuviuza, hivyo nikapakia mchanga wa uzito unaokaribiana. Safari hii aliliingiza gari juu ya shimo, magurudumu yakiwa ardhini, akaukata ule mgongo wa bomba unaopita juu ya ekseli, akaupandisha na kuusogeza upande wa fremu, akapima nafasi kwa kipande cha ubao, kisha akaniomba niliendeshe juu ya tuta la mbele ya gereji huku kijana wake akichungulia. Kazi hakunitoza, ila alidai shilingi 1,500 za kona mpya. Nilizilipa kwa shingo upande, kwa sababu kona ya kwanza iliharibika kwa kosa lake, si langu. Tangu siku hiyo haijagonga tena.

Jambo la pili ni mvumo. Sailensa aliyoifunga ni ile ya bomba lililonyooka lenye matundu, lililozungukwa na pamba ya kioo. Gari likisimama, au likipanda mlima, mlio wake ni mzito na wa heshima, hauzidi sana ule wa awali, na hilo lilikuwa sharti langu: tangu mwaka 2009 nchi ina kanuni za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira, na pikapu ya biashara hupelekwa ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka, kwa hiyo sikutaka gari la kubishana na mkaguzi. Hata hivyo, kwenye gia ya tano, mshale ukikaribia mizunguko 2,000 kwa dakika, kabini nzima ilijaa mvumo wa chini uliokuwa ukiniingia masikioni mithili ya ngoma inayopigwa nyumba ya pili. Injini ya silinda nne hutoa mapigo mawili ya moshi kila inapozunguka, ambayo kwa kasi hiyo ni mapigo karibu 67 kwa sekunde, na urefu wa bomba ukipatana na mapigo hayo, hewa iliyomo hutetemeka kwa pamoja. Mke wangu alivumilia safari moja ya kwenda Molo. Ya pili alipanda matatu.

Dawa ilikuwa sailensa ndogo ya pili, ambayo mafundi huiita resonata, iliyofungwa mbele ya ile kubwa kwa shilingi 4,500. Mvumo haukuisha kabisa, ila sasa mtu anaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Fundi alikiri kwamba huwafungia wateja wengi sailensa moja kwanza, kwa kuwa wengi wao wanataka mlio. Laiti angeniuliza mimi nataka nini. Jumla ya niliyoyatoa ikafika shilingi 52,500.

Kuhusu nguvu, nitasema lile tu nililoliona. Nikipanda kutoka Njoro kwenda Mau Narok, ambako hewa inazidi kuwa nyepesi na injini huanza kuchoka, tabo huitika mapema kidogo kuliko zamani, na njiani wakati wa kurudi kuna mlima mmoja ambao nilikuwa nikiupanda kwa gia ya pili nikiwa na mzigo, na sasa naupanda kwa ya tatu. Sehemu ya nafuu hiyo, nadhani, ni kwamba bomba la zamani lilikuwa limeanza kuziba kwa vipande vya kutu yake lenyewe. Mafuta nimeyapima kwa miezi miwili, nikijaza kwenye pampu ile ile hadi ikate yenyewe, na sikupata tofauti ya kuaminika. Anayeuza ekzosi kwa ahadi ya kupunguza dizeli asisikilizwe, na nashukuru kwamba huyu wangu hakuitoa ahadi hiyo.

Zimebaki flenji. Mvua za Aprili na Mei zilipopita, mabomba yalikuwa na vumbi na matope tu, lakini flenji mbili za katikati zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia. Nilirudi na sumaku yangu, ikanata. Ni chuma cha kawaida kilichochomelewa kwenye bomba la 304, na bolti zake ni za kawaida vilevile. Hazijavujisha moshi, na kwa unene wake zitachukua miaka kabla ya kuliwa, lakini nililipia ekzosi isiyoshika kutu na hakuna aliyenieleza kwamba neno hilo halikuzihusu flenji. Fundi hakubisha. Amekubali kuzibadilisha kwa gharama yake shule zikifungwa mwezi wa Novemba, nitakapoweza kumwachia gari siku nzima. Nati za shaba, zisizogandamana na bolti kwa joto, nimezinunua mwenyewe na ziko ndani ya dashibodi zikisubiri.