Tona isiyo na alkoholi kwa ngozi nyeti: geuza chupa, usome nyuma

Chupa ya tona, yale maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, iliyonisukuma kuandika haya ilikuwa na maandishi makubwa mbele kwamba haina alkoholi. Nikainunua, sikuuliza la pili. Wiki tatu za mwanzo tulipatana vizuri. Mwezi wa pili mashavu yakaanza kuniwasha kila nikishapaka, vikafuata vipele vidogovidogo pembeni mwa pua, na vilipokauka viliniachia madoa meusi ambayo nilikaa nayo miezi minne. Nilishuku sabuni. Nikashuku foronya, nikabadilisha. Tona sikuishuku hata kidogo, maana si haina alkoholi? Na si mwanzoni haikunifanya kitu?

Jioni moja ndipo nilipoigeuza chupa na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma kwa tochi ya simu. Mwisho kabisa wa orodha: Parfum, Limonene, Linalool, Geraniol. Marashi matupu.

Habari ya alkoholi kukausha ngozi kila mtu anaijua, kwa hiyo nitaipita haraka. Ukiona Alcohol Denat., SD Alcohol au Isopropyl Alcohol karibu na mwanzo wa orodha, rudisha chupa ulikoitoa. Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol zisikutishe; hizo ni za jamii ya mafuta na hulainisha ngozi, na Marekani bidhaa yenye hizo inaruhusiwa kujiita isiyo na alkoholi.

Kinachonikera ni harufu, kwa sababu hakuna anayeitaja. Limonene na linalool zikiwa mpya si kali sana. Zikikaa na hewa zinashika oksijeni na kugeuka vitu vinavyoamsha mzio. Sasa fikiria chupa unayoifungua asubuhi na jioni: kila unapotoa kidogo, hewa inaingia mahali pake. Tona ya wiki ya nane si ile ya siku ya kwanza. Tena mzio wa namna hii hauji papo hapo. Mwili hukaa na kitu kwanza, ukakizoea kwa ubaya, na ukishafika hapo hata tone moja linatosha kuuchokoza. Ndiyo maana mtu anatumia kitu mwezi mzima kwa amani halafu anaanza kulaumu vumbi.

Umoja wa Ulaya umelichukulia jambo hili kwa uzito. Kwa miaka mingi viambato 26 vya harufu vilipaswa kuandikwa kwa jina vikizidi 0.001% katika kipodozi kinachoachwa kwenye ngozi, na tona ni hivyo hivyo, haisuuzwi. Mwaka 2023 orodha hiyo ikaongezwa, ikapita 80. Kwa hiyo majina yale yaliyojipanga mkiani mwa orodha hayakuwekwa kujaza nafasi. Yasome.

Na maji ya waridi? Najua yanapendwa, na najua utaniambia ni ya asili. Geraniol imo ndani ya ua lenyewe. Ngozi iliyokwisha kuikataa haitauliza kama imetoka shambani au maabara.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba nina upendeleo, ni Klairs Supple Preparation Unscented Toner ya Korea. Ina panthenol, beta-glucan na sodium hyaluronate, yaani vitu vya kutuliza na kushika maji. Namimina kidogo kiganjani, haikimbii katikati ya vidole kama maji. Ina uzito kidogo. Naibonyeza usoni kwa viganja, bila pamba, kwa sababu pamba inakwaruza na inakunywa nusu ya ulichonunua. Ikishaingia, shavu linakuwa na ubaridi na halinati. Hatari yake ni moja: ina ndugu yake wa jina lilelile bila neno Unscented (isiyo na harufu), na huyo amewekewa mafuta ya lavenda, limau na chungwa. Chupa zinafanana. Kwa ngozi nyeti hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa.

Hata hilo neno Unscented usiliamini kwa macho. Linaweza kumaanisha tu kwamba harufu huisikii, kumbe kimewekwa kitu cha kuifunika. Maneno ya kutafuta ni Fragrance Free (bila marashi), na hata ukiyaona bado unageuza chupa.

Ya pili ni Hada Labo Gokujyun ya Japani. Haina marashi, haina alkoholi, haina rangi. Ngozi kavu itaipenda. Mwenye mafuta mengi usoni, hasa penye joto la unyevu, ataona inanata.

Ya tatu, Thayers, lakini ile isiyo na harufu peke yake. Ni jina la Marekani la tangu 1847. Ina witch hazel, mmea wenye tanini zinazokaza ngozi, kwa hiyo inamfaa mwenye mafuta kuliko mwenye ukavu. Usiidhanie kuwa ni yale maji ya kawaida ya witch hazel, ambayo mara nyingi huwa na alkoholi kama 14%.

Ya bei nafuu: Simple. Haina marashi, inatosha.

Sasa wauzaji. Jamani, kwa nini picha zenu zote ni za mbele ya chupa? Nimemwomba muuzaji picha ya orodha ya viambato, akanijibu "ni nzuri dada, wateja wanaisifu." Mwingine anahamishia tona kwenye vichupa vidogo visivyo na lebo na kuiuza kwa mafungu, hapo hujui ni ipi, ilifunguliwa lini, wala imeingiwa na hewa kiasi gani. Tunalipa bei ya kipodozi, tunanyimwa haki ya kusoma tunachojipaka. Picha ya nyuma isipokuja, pesa yangu haitoki.

Chupa ikishafika, paka kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10, kabla haijagusa uso. Kisha tafuta kialama cha kikopo kilicho wazi kwenye lebo. Kikisema 6M, una miezi 6 tangu siku uliyoifungua, na siku hiyo iandike kwa kalamu ya wino chini ya chupa.