Homa si malaria tu: orodha ya maswali au jicho la pili?

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya dawa. Hata hivyo kipimo kikisoma chanya, tabibu anaweza kuacha kuwaza magonjwa mengine, ilhali mtoto mwenye vimelea vya malaria anaweza pia kuwa na homa ya uti wa mgongo.

Kosa hilo lina kinga mbili: orodha ya maswali, au jicho la pili, yaani mwenzako naye amwone mgonjwa. Kwa gharama, orodha inashinda: karatasi moja ukutani. Shingo imekakamaa? Anapumua mara ngapi kwa dakika? Nini kingine kinaweza kumuua leo? Haichoki saa tisa usiku. Ila ikizoeleka, watu huweka alama za vema bila kumgusa mgonjwa, kwa hiyo lazima ipitiwe upya mara kwa mara.

Jicho la pili hula muda, lakini hugundua yasiyoandikwa kwenye orodha yoyote, mradi mwenzako amwone mgonjwa kabla ya kusikia jibu lako. Ukitanguliza "hii ni malaria kali", umeshampotosha. Na mdogo kazini akiogopa kumpinga bosi, halina faida.

Kwenye zahanati yenye tabibu mmoja, ningebandika orodha. Wodini kwenye zamu kamili, ningemwita mwenzangu kwa kila mgonjwa aliyemeza dawa na hapati nafuu.