Intanishipu ya kinamasi upande wa Mabamba: unalipa nini na unatoka na nini

Naandikia wanafunzi wa mazingira, misitu, uvuvi, hata jiografia, ambao saa hizi wanatafuta pa kufanyia fildi hapa Uganda na kila wakifungua simu wanaona matangazo ya kujitolea yenye picha za sokwe na gorila wa milimani. Mimi nasoma Kampala, kwetu Busia, na likizo ndefu ya Juni mpaka Agosti nilifanya intanishipu na shirika moja dogo linaloshughulika na vinamasi vya kati ya Entebbe na Mpigi, upande wa Mabamba, kando ya Ziwa Victoria. Jina siliweki kwa sababu nitasema makosa yao pia, na ofisi yenyewe ina watu wachache sana, ukitaja shirika umeshataja mtu. Nyota nawapa tatu na nusu kati ya tano. Hizo tatu zote zimetoka kwa kazi ya fildi, ile nusu ni ya supavaiza wetu, ofisi haikuchangia kitu.

Tuanze na pesa maana ndio swali ninaloulizwa sana. Nililipa shilingi 350,000 ya kujiandikisha, nikapewa tisheti, kadi ya shingoni na mafunzo ya siku ya kwanza. Chakula hakimo, pa kulala hamna, nauli ni juu yako. Tulipanga chumba Kasanje watatu, tukawa tunapika posho (ugali) na maharage, siku za haraka tunakula rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, pale stejini, na hapo bado kuna boda ya kila asubuhi. Kwa mwanafunzi anayetegemea mjomba wake amtumie mobile money hiyo si pesa kidogo. Sina shida na shirika kuomba mchango wa mafuta ya boti, mafuta ni ghali kila mtu anajua, shida yangu ni kwamba tulipouliza hiyo 350,000 inaenda wapi tukaambiwa ni ya uendeshaji, basi, hakuna karatasi. Shirika ambalo linakufundisha kuandika kila kitu kwa tarehe na saa linatakiwa liweze kukuonyesha hata ukurasa mmoja wa hesabu.

Sasa fildi yenyewe, na hapa ndio nataka mnielewe kwa nini bado naisifu.

Tunatoka mapema kabla jua halijawa kali, mtumbwi unapita kwenye vijia vyembamba katikati ya mafunjo na kila mtu ana kazi yake, mmoja ameshika darubini, mmoja anaandika, mmoja ana jipiesi (GPS) ya kuonyesha tulipo, na mwenye mtumbwi anasukuma kwa mti mrefu polepole ili ndege wasiruke kabla hujawahesabu. Supavaiza wetu, dada mmoja mkali kweli kweli, neno "wengi" alikuwa halipokei kabisa. Ukimwambia kuna ndege wengi pale anakuuliza wangapi, wa aina gani, saa ngapi, mbali kiasi gani na mtumbwi, na ulikuwa umeangalia upande gani. Wiki za mwanzo unachoka. Baadaye unajikuta unahesabu mpaka abiria kwenye takisi.

Kitu kilichonifungua akili kabisa ni maji. Tulikuwa na sahani ya Secchi ya kupimia uwazi wa maji, ile ya rangi nyeupe na nyeusi inayofungwa kamba yenye alama, unaishusha mpaka isionekane unaandika kina, unaivuta mpaka ionekane tena unaandika, alafu unachukua wastani. Rahisi. Lakini ukiingia ndani ya mafunjo maji ni meusi kama chai ya rangi na sahani inapotea haraka, na mwanafunzi yeyote ataandika maji machafu. Dada akatuambia tuyateke kwenye chupa ya kioo. Ya ndani ya mafunjo yakaonekana ya kahawia lakini safi, unaona kidole chako upande wa pili, ule weusi ni wa majani yaliyooza. Ya upande wa mashamba ya mpunga yakawa na ukungu wa udongo, ukiacha chupa itulie unaona tope linashuka chini. Sahani inakupa namba zinazokaribiana kwa vitu viwili tofauti kabisa, na kama hujashika hiyo chupa kwa mkono wako utaandika ripoti ya uongo bila kujua. Darasani tulikuwa tumesoma haya, nilikuwa sijayaelewa.

Na hapo hapo ndio unaelewa habari ya shubili, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu ambaye watalii wote wanamfuata Mabamba. Kwenye maji ya mafunjo hewa ya oksijeni ni kidogo sana, samaki wengi hawakai, lakini kamongo anakaa kwa sababu anapanda juu kuvuta hewa. Shubili anajua hiyo. Anasimama kimya muda mrefu sana, kamongo akitoa pua tu anaangukiwa na mdomo. Wavuvi nao wanamtaka kamongo huyo huyo, na zamani waliamini kwamba ukimwona shubili asubuhi siku hiyo hupati samaki, kwa hiyo walikuwa wanamuua. Mzee aliyekuwa anatusukuma mtumbwi, aliyeendesha malori ya Mombasa zamani ndio maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, alituambia baba yake alikuwa hivyo hivyo, na yeye leo anasomesha wajukuu kwa pesa ya kuonyesha watu huyo ndege. Mabamba iliingia kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda vinamasi, mwaka 2006, moja ya maeneo 12 ya Uganda, na Kampala ndiyo ilipokea mkutano mkuu wa Ramsar mwaka 2005. Hizo tarehe nilizikariri kwa mtihani. Nilipomsikia mzee ndio nikaelewa ardhi inalindwa na nani hasa.

Sehemu ya tatu ya kazi ilikuwa mahojiano na familia zinazolima mpunga, kufyatua matofali na kuvuna mafunjo, majibu tunayajaza kwenye simu kwa KoBoToolbox, programu ya dodoso. Hii wenzangu waliiona ya kuchosha, mimi naona ilikuwa na faida kubwa kuliko zote. Kwa takwimu za serikali vinamasi vya Uganda vilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, kufika 2019 vimebaki asilimia 8.9. Ukikaa na mama mwenye nusu eka ya mpunga ndani ya kinamasi unaona hiyo asilimia ilikoenda, na unaona pia kwamba yeye si adui, ana watoto shule na huku juu hana shamba. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, walipobomoa nyumba za kinamasi cha Lubigi pale Kampala nchi nzima ilibishana, na wengi waliobishana hawajawahi kuona mpaka wa kinamasi ulivyo kwenye ardhi, unahama na mvua, unahama na mwaka. Sisi mpaka huo tuliufuata kwa miguu na jipiesi mkononi.

Haya, sasa ubaya.

Jaketi za uokozi zilikuwa chache kuliko watu. Tulipolalamika tukaambiwa kina ni kifupi. Ziwa Victoria ni ziwa, upepo ukibadilika unabadilika, na mwenzetu mmoja hajui kuogelea kabisa. Tukagoma kupanda mpaka zikaazimwa kwa wenye boti za watalii, na tangu siku hiyo zikawepo. Kwa hiyo uwezekano ulikuwepo tangu mwanzo. Hapo ndio nyota moja nzima imeondoka.

Pili logibuku, daftari la kuandika kazi za kila siku za intanishipu. Chuo kinataka isainiwe kila wiki na ya kwangu ilikaa juu ya meza ya bosi wiki nyingi bila kuguswa, kila ukiuliza yuko mkutanoni. Tatu data. Tulichokusanya kwa jasho letu kilibaki kwenye laptopu ya ofisi na tulipoomba nakala kwa ajili ya ripoti ya chuo ikawa hadithi, mpaka mwalimu wangu alipoandika barua rasmi ndio wakatoa. Kama unaenda mahali popote, liulize hili kabla hujalipa hata shilingi, data tutakayokusanya tutaruhusiwa kuitumia kwenye ripoti? Na waandike kwenye barua ya kukubaliwa. Mtu akisema tutaongea ukifika, huyo hajapanga kukupa.

Alafu kuna wenzetu wa kutoka Ulaya walikuja wiki mbili wakalipa pesa nyingi kuliko sisi, na siku zao ndizo siku ambazo boti ilikuwa na mafuta ya kutosha. Watu wazuri tu, wachapa kazi, lakini siku wakiwepo sisi tunageuka wabeba vifaa na wapiga picha. Sikulipia hiyo.

Je kuna kwingine? Kuko, na wengi hawajui kwa sababu hawa hawatangazi sana. Kama chuo chako kina mkataba nao, kituo cha biolojia cha Makerere pale Kanyawara, ndani ya hifadhi ya Kibale karibu na Fort Portal, ndio shule kabisa. Sokwe wa Kanyawara wamefuatiliwa tangu 1987, kuna rekodi za miti na nyani za miaka mingi, na hifadhi ina aina 13 za nyani na jamaa zao. Nenda na sweta, usiku kule ni baridi. Budongo, upande wa Masindi, kuna kituo kilichoanzishwa na Vernon Reynolds mwaka 1990, na huko ukitaka kujifunza madhara ya mitego ya waya kwa sokwe utaona kwa macho yako, si jambo la kufurahisha. Chuo Kikuu cha Mbarara nao wana taasisi yao ya misitu ya tropiki Ruhija, ukingoni mwa Bwindi, tangu 1991, nzuri sana kwa anayependa mimea na masuala ya jamii zinazozunguka hifadhi. Ukipenda afya ya wanyama na watu kwa pamoja, angalia kazi ya Conservation Through Public Health ya Daktari Gladys Kalema-Zikusoka huko huko Bwindi. Entebbe kuna UWEC, ile watu wanaita zuu, ilianza 1952 kama makao ya wanyama yatima, inafaa kama unataka kufundisha watoto wa shule au unasomea udaktari wa mifugo.

Na kama huna pesa kabisa, NatureUganda, shirika la uhifadhi, wana hesabu za ndege wa majini Januari na Julai. Ukiwa umeshika hesabu ya Lutembe au Mabamba na watu wanaojua ndege kwa sauti tu, asubuhi moja ya hiyo naiweka juu ya wiki nzima ya kukaa ofisini ukipanga mafaili.

Kuna kitu watu wa kutoka Kenya na Tanzania wanakosea sana, vibali. Hifadhi za taifa ziko chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, misitu ya akiba kama Budongo na Mabira iko chini ya NFA, mamlaka ya misitu, barua unayopeleka kwa mmoja haikusaidii kwa mwingine. Na kama unataka kazi yako iwe utafiti, si mazoezi tu, kuna usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, na ukihoji watu lazima kamati ya maadili ipitishe maswali yako kwanza, hiyo inachukua muda. Beba kitambulisho chako cha nchi kila mahali, UWA wana bei ya raia wa Afrika Mashariki tofauti na ya wageni na tofauti yenyewe ni kubwa.

Kwa masomo baada ya hapo, Tropical Biology Association ya Cambridge wameendesha kozi za fildi za karibu mwezi mmoja, Kibale ikiwa moja ya sehemu zao, wanachanganya wanafunzi wa Afrika na wa Ulaya na kuna ufadhili kwa Waafrika. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika ambao makao yao yako Makerere, wanasaidia upande wa masta na PhD za kilimo na maliasili. Kote huko watakuuliza umefanya nini kwa mikono yako, na hapo ndio intanishipu yangu pamoja na matatizo yake imenilipa, nina seti ya data ninayoweza kuieleza namba kwa namba na ramani niliyoichora mwenyewe kwa QGIS, programu ya ramani.

Afya msisahau. Maji ya ziwa yana kichocho, kwa hiyo gambuti ndefu nunua zako mwenyewe, zile za ofisi zimetoboka, na ukimaliza fildi nenda kapimwe, dawa ya praziquantel ipo na si ghali. Neti ya mbu pia beba.

Je ningemshauri mdogo wangu aende shirika hili? Ningemwambia aende kama yule dada supavaiza bado yuko, na kama wamekubali kwa maandishi mambo ya data na jaketi. Asipokuwepo yule dada hela hiyo bora aipeleke nauli ya Fort Portal. Njia rahisi ya kufika Mabamba ukitokea Entebbe ni kivuko cha Nakiwogo kwenda Buwaya alafu boda, na maombi ya Juni peleka Februari ukiwa na barua ya chuo yenye muhuri, kufika Mei nafasi zinakuwa zimeisha.