Video 15 za harusi zilikataa kuingia kwenye programu ya kuhariri: uzoefu wangu na MediaInfo na HandBrake

Babu yetu ana miaka 84 na si mtu wa kusimama mbele ya kamera. Kwenye harusi ya mdogo wangu hapa Tanga, Desemba iliyopita, alisimama akawapa maharusi nasaha kwa dakika 12. Aliyerekodi tangu mwanzo hadi mwisho ni mtu mmoja tu, binamu yetu aliyekuja na iPhone yake kutoka Muscat. Na video hiyo hiyo ndiyo iliyokataa kuingia kwenye kompyuta yangu. Nilipoteza siku nne nikitafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, kwa hiyo naandika ili mwenzangu atakayekwama asizipoteze zake.

Niliahidi familia video moja ya saa moja na nusu. Mafaili yalikuwa 63: ya mpiga video tuliyemkodi, ya simu yangu ya Android, yale yaliyotumwa WhatsApp na mashangazi na mashemeji, na 14 ya binamu. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, RAM GB 8. Programu ya kuhariri ni ya kulipia, na nilikuwa nimeshalipa mwaka mzima. Nilipoyaingiza, yale 14 yalileta sauti bila picha, kioo cheusi kitupu. Faili moja la mpiga video halikuingia kabisa. Ujumbe ulisema limeharibika au aina yake haitambuliki. Mengine yote yaliingia, nikafurahi mapema mno.

Nilifanya yote ambayo mtu hufanya akiwa hajui. Niliifuta programu nikaishusha upya, bando likaisha. Nilibadilisha majina ya mafaili kutoka .mov kuwa .mp4. Niliwaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu nisasishe programu, nami nilikuwa tayari na toleo jipya. Kilichonipoteza zaidi ni kwamba video zote 14 zilicheza vizuri kwenye VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Nikajiambia: kama VLC inacheza, mafaili ni mazima, basi kosa ni la kompyuta. Sikujua kwamba VLC hutembea na vifungulio vyake yenyewe vya karibu kila aina ya video, wakati programu yangu ya kuhariri ilikuwa ikitegemea vile vilivyomo kwenye Windows.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa kaka yangu, anayesomea mambo ya kompyuta chuoni. Alinisikiliza kwenye simu kisha akaniambia, "Shangazi, hiyo MP4 ni kapu tu. Hujaangalia ndani ya kapu kuna nini." Akaniagiza nishushe MediaInfo.

MediaInfo ni programu ndogo, ya bure, na haihariri chochote. Unavuta faili unaliweka juu yake, nayo inakuandikia kila kilichomo: kodeki (yaani njia iliyotumika kubana) ya picha, kodeki ya sauti, ukubwa wa picha, idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, na kama idadi hiyo imetulia au inapandashuka. Nilipoweka faili la babu, kwenye mstari wa picha palisomeka HEVC, ambayo ndiyo H.265. Nilipoweka la simu yangu palisomeka AVC, yaani H.264. Hapo nikaelewa kwa nini kubadilisha jina hakukusaidia. Kubandika karatasi ya sukari kwenye gunia la chumvi hakuifanyi chumvi kuwa tamu.

H.264 ni kiwango cha mwaka 2003, na leo karibu kila kifaa kinaifungua. H.265 ilikuja mwaka 2013. Inabana video zaidi bila kuichakaza, ndiyo maana iPhone zilianza kurekodi kwayo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Lakini Windows nyingi haziji na kifungulio chake. Kipo kwenye duka la Microsoft kwa jina la HEVC Video Extensions, kwa bei ndogo. Sikukichukua, kwa sababu hata kama kingefungua, H.265 ni mzigo mzito kwa kompyuta kama yangu wakati wa kukata na kuunganisha. Nilichotaka ni video nyepesi kuhariri.

Hapo ndipo HandBrake inapoingia, programu ya kubadilisha video kutoka kodeki moja kwenda nyingine, nayo nitaisema kwa kirefu kwa sababu inastahili. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, haibandiki nembo juu ya picha yako, na ipo ya Windows, Mac na Linux. Ishushe handbrake.fr tu. Mwaka 2017 seva mojawapo ya kushushia iliingiliwa na wahalifu, toleo la Mac likawekewa programu hasidi kwa siku chache; lilirekebishwa, ila tovuti za kuiga bado ni za kuogopwa. Kwenye Windows itakuomba pia .NET Desktop Runtime, programu saidizi ya Microsoft. Usishtuke, inaihitaji kweli.

Ukifungua, unaweza kuchagua folda nzima badala ya faili moja moja. Mimi nilichagua folda ya binamu, nikaenda kwenye mipangilio iliyo tayari, kundi la Production, nikachukua "Production Standard", ambayo imetengenezwa kwa ajili ya video inayokwenda kuhaririwa. Kisha kwenye ukurasa wa Video nikahakikisha vitu viwili: kodeki ni H.264, na chini ya idadi ya fremu nimeweka 30 na kuchagua "Constant Framerate". Hilo la pili usilipite haraka, nitalirudia. Nikayapanga yote kwenye foleni, nikabonyeza kuanza, nikaenda kulala.

Usiku huo umeme ulikatika. Asubuhi nilifungua kompyuta nikijua naanza upya, lakini HandBrake ikaniuliza kama nataka kuendelea na foleni iliyokuwa haijaisha. Faili lililokuwa linapikwa umeme ulipokatika lilibidi lianze mwanzo; yaliyotangulia yalikuwa salama. Kwa sisi tunaoishi na umeme wa namna hii, jambo hilo peke yake lingetosha kunifanya niipende.

Video ya babu ya dakika 12 ilichukua dakika 25 hivi kwenye kompyuta yangu. Yote 14 yaliingia kwenye programu ya kuhariri, picha na sauti.

Sasa lile la fremu. Yale mafaili ya WhatsApp na ya simu yangu, niliyodhani ni mazima, yalikuwa na ugonjwa wa pole pole. Mwanzoni mwa klipu mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Ukifika dakika ya nane, shangazi anapiga kigelegele na mdomo wake umeshafumba. Nilihangaika kuisogeza sauti kwa mkono, nikiinyoosha hapa inapinda kule. MediaInfo ikanionyesha: kwenye hali ya fremu paliandikwa "Variable". Simu haipigi fremu kwa hatua zilizo sawa. Mwanga ukiwa mkali inapiga 30 kwa sekunde, ukumbini penye giza inapunguza. Kichezeshi cha video hufuata saa ya kila fremu, kwa hiyo hukioni kitu. Baadhi ya programu za kuhariri huhesabu hatua zilizo sawa, na hapo sauti ndipo inapoachwa. Nikayapitisha yote HandBrake kwa fremu zilizotulia, tatizo likaisha pale pale. Kama ningelijua siku ya kwanza, ningeyapitisha yote 62 kwa pamoja kabla ya kukata hata klipu moja.

Faili la mpiga video ni habari nyingine. HandBrake ilisema hakuna chanzo halali, na MediaInfo ikaonyesha ukubwa tu, haina habari ya picha wala sauti. Nikampigia.

"Kaka, lile faili la kuingia ukumbini halifunguki."

"Dada, kwangu linafunguka. Nisomee ukubwa wake."

Kwangu lilikuwa na GB 2.1, kwake GB 3.4. Flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kuisha. MP4 nyingi zinazotoka kwenye kamera huweka faharasa yake mwishoni mwa faili. Mkia ukikatika, programu za kawaida hazijui pa kuanzia kusoma, hata kama picha nyingi zimo. Alininakilia tena, likaingia bila kubadilishwa chochote. Tangu hapo nalinganisha ukubwa kabla ya kurudisha flashi ya mtu.

Upungufu upo. HandBrake kila mara inapika video upya, haiwezi kuihamisha kapu tu, kwa hiyo unatumia muda na ubora unapungua kidogo. Kwa mpangilio niliouchagua sikuiona tofauti kwa macho. Mafaili yalikua karibu mara tatu, hivyo uwe na nafasi kwenye diski. Na video za binamu zilitoka zimepauka rangi, kwa sababu simu yake ilikuwa inarekodi HDR, aina ya video yenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida. Nilizirudishia uhai wakati wa kuhariri, na ilinichukua jioni nzima. Tena, mwanzoni HandBrake inatisha kwa wingi wa vitufe. MediaInfo sina la kuilaumu.

Binamu nilimwomba aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, achague "Most Compatible", na azime HDR Video. Nilimwambia pia akituma WhatsApp atume kama dokumenti, maana ukituma kama video ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. Mwezi uliopita alinitumia akika ya mwanawe kwa njia hiyo. Iliingia papo hapo, picha na sauti, rangi zake zimekaa. Niliipitisha HandBrake kwa ajili ya fremu tu.