Presha kuka ya umeme: mwezi mzima nikisoma mita

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena jikoni kwangu. Leo sifungui boksi mbele yenu. Boksi lilishafunguliwa siku 34 zilizopita, na jiko lenyewe ndilo hili mezani: mfuniko umeshapata mikwaruzo, na mpira wake wa ndani unanukia pilau hata niuoshe kwa limau. Nimesubiri makusudi. Kifaa cha kupikia huwezi kukisemea siku unayokinunua, maana siku hiyo hata sufuria mbovu inapendeza.

Hii ni presha kuka ya umeme, lita 6, wati 1,000. Kila ninapogusia kupika kwa umeme mnaniandikia yale yale: umeme unakula, LUKU, yaani umeme tunaolipia kwanza ndipo tuutumie, itakwisha kabla ya mwezi, hayo ni mambo ya wenye uwezo. Sikutaka kubishana kwa maneno. Nilinunua kipima umeme, hiki kidogo cha kuchomeka ukutani, na kila nilichopika nimekiandika kwenye daftari.

Nianze na maharage, kwa sababu maharage ndiyo yanayomaliza mkaa kwenye nyumba nyingi za Dar es Salaam. Nusu kilo ya maharage ya njano, hayakulowekwa, maji lita moja na nusu. Nafunga mfuniko, nazungusha kitufe hadi dakika 45. Sasa angalieni kipima: wati 980, na inabaki hapo hapo kama dakika 17. Halafu, sogeeni hapa kwenye mfuniko, mnakiona hiki kipini? Kinanyanyuka chenyewe, mvuke unakata, na namba kwenye kipima inaanguka hadi sifuri. Sifuri kabisa, na ndani maharage yanaendelea kuchemka! Baada ya dakika kadhaa linawaka kidogo, linazima tena. Joto limefungiwa ndani, maji yamepita nyuzi 110, jambo ambalo sufuria ya wazi haiwezi hata ukiwasha moto wa namna gani. Nikafungua: maharage laini, maganda hayajapasuka, mchuzi mzito. Jumla uniti 0.41.

Siku ya pili nikapika maharage yale yale, kipimo kile kile, kwenye jiko la koili. Saa mbili nzima, uniti 1.9, na baadhi yalikuwa bado na kiini kigumu. Hapo ndipo nilipoelewa sifa mbaya ya kupikia umeme ilikotoka. Watu hawakusema uongo. Walilipima koili, na koili kweli linakula umeme. Ila hukumu ya koili tumeibandika kwenye kila kitu chenye waya.

Tuje kwenye pesa. Mnajua kwamba buku la LUKU, yaani shilingi 1,000, halitoi uniti sawa kwa kila mtu. Ukiwa kundi la D1, yaani nyumba ambayo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100, na ukiongeza kodi ya VAT na makato ya REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa bei za nishati) inafika 122. Buku linakupa uniti 8.2. Ukiwa T1, kundi la wanaozidi hapo, uniti ni 292, na makato yakiingia inakuwa 356, kwa hiyo buku ni uniti 2.8. Hizo ni bei za tangu 2016. Basi sufuria ile ya maharage imenigharimu shilingi 50 mimi niliye D1, na kwa mtu wa T1 ingekuwa kama 146. Kwa mkaa, kisado kwa muuzaji wangu ni 2,000, na maharage yakishaiva kinachobaki ni cha kuchemshia chai tu.

Hata kwa bei ya juu, 146 kwa 2,000. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Mambo mengine nayapita haraka. Wali unaiva vizuri, uniti 0.2 na kidogo, na ukoko unapata ukiuacha dakika chache baada ya kengele. Nyama ya ng'ombe, ile ngumu ya kuchemsha, dakika 35 inaachana na mfupa. Kuunga unaweza, mfuniko ukiwa wazi, ila vitunguu vinachukua muda mrefu kuwa rangi ya kahawia. Tui zito msilifungie ndani kwa presha, linakatika. Limwagieni mwishoni, presha ikishatoka.

Ugali hapana. Nimejaribu kwa moyo wote. Chungu cha ndani kinazunguka pamoja na mwiko, ukikishika kwa kitambaa unaungua mkono, na ule utandu wa ndani unakwanguka. Chapati hapana, samaki wa kukaanga hapana. Kwa hiyo anayewaambia muuze mtungi wa gesi mnunue hili tu, msimsikilize. Mtungi wangu wa kilo 6 bado upo, isipokuwa zamani ulikuwa unamaliza wiki tatu na sasa unaelekea mwezi wa pili.

Umeme ukikatika je? Ulinikatikia mara mbili maharage yakiwa ndani. Mara ya kwanza presha ilishapanda, na yaliendelea kuiva kwa joto lililobaki. Uliporudi baada ya nusu saa yalihitaji dakika kumi tu. Hili langu ni la kitufe cha kuzungusha, linaendelea lilipoishia. Nililoazima kwa dada yangu, lenye vioo na namba, lilisahau kila kitu nikaanza upya. Kwa mitaa yetu, chukueni la kuzungusha.

Sasa jambo lililonifanya nirekodi video hii ndefu.

Kabla ya kuhamia hapa niliishi kwenye nyumba ya kupanga, vyumba sita, mita moja. Mnaoishi hivyo mnajua ugomvi wake. Kila mwisho wa mwezi mchango wa LUKU, nani ana friji, nani alipiga pasi nguo za wiki nzima. Na masharti: hita marufuku, jiko la umeme marufuku. Nilirudi pale na jiko hili kwa mama mmoja anayeuza vitumbua, ambaye chumba chake kilitazamana na changu. Nikamsalimia shikamoo, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, nikichomeka hicho kitu nitafukuzwa." Tukakaa kikao na wenzake barazani, nikachomeka kipima mbele yao, tukapika makande. Kila dakika mtu alikuwa anainuka kwenda kusoma namba. Yalipoiva ilikuwa uniti 0.47, na kwa bei ya mita yao ni shilingi 167. Wakakubaliana hivi: kila akipika anatumbukiza sarafu ya 200 kwenye kopo la maziwa lililoko dirishani, na kopo linaingia kwenye LUKU ya nyumba. Nilipopita juzi lile kopo lilikuwa zito, na hakuna aliyegombana.

Lakini angalieni bei yenyewe. Mita yao iko T1. Kwa nini? Kwa sababu wapo kaya sita, na kila kaya ikitumia uniti 20 tu, taa, redio, simu na feni, mita inasoma 120. Imeshapita 75. Kwa hiyo watu wanaotumia umeme kidogo kuliko wote mtaani wanalipa mara tatu ya mtu mwenye nyumba yake, mita yake na friji yake. Ile nafuu ya uniti 75 iliwekwa kwa ajili ya wenye kipato kidogo, na ni jambo jema sana. Ila inahesabu mita, haihesabu kaya. Mama wa vitumbua hajaiona hata siku moja.

Na sisi wenye mita zetu, tazameni. Nyumba yangu ilikuwa inatumia uniti 58 kwa mwezi. Jiko limeongeza 22, nimefika 80. Zile tano za juu zinauzwa kwa 350 kila moja kabla ya makato, na pamoja na makato ni 427. Hilo ningelibeba. Kinachotisha ni wastani wangu kubaki juu ya 75, maana kundi hilo halinihusu tena, na uniti zote 80 kwa bei ya T1 ni shilingi zaidi ya 28,000, badala ya 11,000 na kitu. Maana yake nimeacha mkaa, nimefanya kile taifa linachoniomba, na ngazi ya bei inanisubiri hapo hapo.

Taifa linaomba kweli, tena kwa uzito. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115. Hatuwezi kusema umeme wa kupikia maharage hautoshi. Nikiulizwa mimi, kilichobaki ni bei, na bei ni uamuzi wa mezani, hauhitaji bwawa jingine.

Majirani zetu Uganda wameshajaribu. Mwaka 2022 waliweka bei maalumu ya kupikia kwa majumbani: uniti kuanzia ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi zinauzwa nafuu kuliko zile za kuanzia ya 16 hadi ya 80. Yaani pale kwetu bei inapopanda, kwao inashuka, kwa hoja kwamba mtu wa kawaida aliyefika huko ameanza kupika. Sisi tungeweza kusogeza 75 iwe 100. Tungeweza kuhesabu kaya kwa mita za nyumba za kupanga, maana wajumbe wa mitaa wanajua nani anakaa wapi. Ningependa EWURA walisikie hili kutoka kwa watu wengi, wasilisikie kwangu peke yangu.

Mkienda kununua: lita 6 inatosha watu watano hadi saba. Angalieni plagi iwe na miguu mitatu minene, na msilichomeke kwenye ekstensheni nyembamba. Yangu iliyeyuka upande mmoja siku ya nne, nikasikia harufu ya plastiki nikiwa uani, na nashukuru nilikuwa karibu. Tangu siku hiyo linachomekwa ukutani moja kwa moja. Ulizeni mpira wa akiba wa mfuniko kabla ya kulipa. Muuzaji asipokuwa nao, nendeni duka la pili, kwa sababu mpira ukilegea jiko halishiki presha tena. Na kipini kikiwa juu msilazimishe mfuniko hata mgeni akiwa mlangoni na njaa. Mpaka kishuke chenyewe.

Naomba kitu kimoja kwenye maoni. Niandikieni mko kaya ngapi kwenye mita moja, na buku la LUKU linawapa uniti ngapi, mkiondoa makato ya kodi ya jengo. Andikeni na mtaa tu, majina hapana. Nitayapanga yote kwenye jedwali nilipeleke kunakohusika, na nitawaonyesha hapa nilivyojibiwa. Haya, kipini kimeshuka, nafungua makande.