Meno 34 nyuma: baiskeli yangu na mlima wa Kadutu

Ninakaa Kadutu, juu mlimani hapa Bukavu, kazi iko Labotte kando ya ziwa. Asubuhi kinga (baiskeli) inashuka yenyewe, shida yangu ni breki tu. Jioni, miaka miwili yote, nilikuwa ninaisukuma kwa mkono na watoto wakinicheka.

Baiskeli ilikuja na plato (gia ya mbele, kwenye pedeli) ya meno 42, na pinyo (gia ya gurudumu la nyuma) kubwa ya meno 28. Kwa gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 3.1. Mlimani hiyo ni mizigo! Fundi mmoja karibu na soko akanishauri plato ya 32 na pinyo ya 34. Sasa mzunguko unanipa chini kidogo ya mita 2. Ninaenda polepole, mama mwenye beseni la ndizi karibu anipite, lakini sishuki.

Nimelipa dola 25 pamoja na kazi, vyuma vya mtumba. Kosa lake: hakuniambia mapema kwamba kibadilisha gia changu kilikuwa kifupi, hakiwezi kubeba pinyo ya 34. Nikarudi mara ya pili kununua kirefu, dola 12 nyingine. Hapo tulipandishiana sauti kidogo.

Kwenye tambarare, miguu inazunguka bure kama cherehani. Kwa mtu wa Goma, ambako mji hauna milima kama yetu, ningemwambia abaki na 42 yake. Hapa Bukavu, fundi huyo ninampa nne kwa tano.